Mama Jua na Bango Nililoling'oa

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, muuguzi wa kiwanda chetu anatimiza miaka thelathini na mmoja ya utumishi na kustaafu rasmi. Aliingia akiwa binti wa miaka ishirini na tisa, mkononi ana mkoba mmoja na kipimajoto kimoja. Anatoka kiwanda kizima kikimwita Mama Jua. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, msimamizi wa chumba cha kukatia vitambaa, niandike wasifu wake. Nilidhani wamekosea mtu. Kumbe wamefanya makusudi, maana hakuna aliyempinga mama huyu kwa bidii kama mimi, na hakuna mwenye sababu kubwa kuliko yangu ya kumwomba radhi hadharani.

Kwa wageni wetu wa leo: hiki ni kiwanda cha nguo, na kitambaa kinaogopa jua. Kikipigwa siku mbili tatu kinapauka, na shati lenye mkono mmoja ulioiva rangi na mwingine uliofifia halivaliki. Ndiyo maana vioo vyote vya kumbi za kushonea vilipakwa rangi nzito tangu mwanzo. Tulikuwa tukiingia alfajiri, tunakula chini ya paa, tunatoka jua limezama, na siku ya mapumziko tunalala. Basi tukalinda vitambaa visipauke, tukapauka sisi, wala hakuna aliyeona ajabu.

Chumba chake cha matibabu mnakijua, kati ya stoo ya nyuzi na ngazi. Kuna kitanda chenye shuka la kijani, kabati lenye kufuli, na mizani inayozidisha kilo mbili ambayo amekataa katakata irekebishwe, akidai inatutia adabu. Mle ndani alikuwa na vidonge vya aina mbili, vya kabatini na vya mdomoni. Ukizembea afya yako alikupa vidonge vyako mbele ya foleni nzima, na hivyo havikuhitaji maji ya kunywea.

Miaka kumi na miwili ya mwanzo, aliyelalamika magoti alipewa tembe mbili, na aliyelalamika kiuno alipewa mbili vilevile. Ameniagiza niliandike hili bila kulifunika: muda wote huo aliyanyamazisha maumivu yetu bila kuyauliza yanatoka wapi. Nami naliandika kama alivyosema, kwa sababu nani kati yetu angethubutu kubishana naye?

Kilichomgutusha ni mtoto. Fundi wetu wa vifungo, ambaye wote tunamwita Mama Vifungo, alimleta binti yake wa miaka miwili akiwa na mafua tu. Muuguzi alimwambia mtoto atembee mpaka mlangoni na kurudi. Alikuwa na matege, miguu imepinda hata magoti hayajuani, na alichoka kabla hajafika mlangoni. Mama Vifungo alieleza, bila kuona kosa lolote, kwamba shangazi anayemlea humfungia ndani mchana kutwa ili ngozi yake ibaki laini na asiungue. Hospitalini daktari alimpima, akasema mifupa ya mtoto ni laini kwa kukosa vitamini D, ile ambayo mwili huitengeneza wenyewe ngozi ikipigwa na jua. Walimwanzishia dawa, wakaagiza atolewe nje kila siku.

Muuguzi wetu alirudi kutoka hospitalini akajifungia na daftari la wagonjwa. Alihesabu watu sabini na wawili waliolalamikia mifupa na misuli katika miezi mitatu. Akatuma wanane hospitalini wakapimwe damu. Saba walikutwa na upungufu uleule wa yule mtoto. Tangu siku hiyo mama huyu alikaza uzi, na hajaulegeza mpaka leo.

Alimwomba meneja wa wakati ule dakika kumi na tano za jua kwa kila mfanyakazi, kila siku, katika ua wa nyuma. Meneja alitia pamba masikioni. Akaomba tena, akaambiwa aandike barua. Akaandika barua tatu, hazikujibiwa. Ndipo alipochukua kipande cha kadi ngumu kutoka chumbani kwangu, tena mimi mwenyewe nilimkatia pembe zake vizuri, akaandika kwa wino mwekundu maneno manne na kukibandika kwenye lango: JUA NI HAKI YAKO.

Jamani! Yeye alimaanisha jua hili linalowaka juu. Kiwanda kilisoma anaamriwa mtu ajue. Sasa ajue nini ni haki yake? Sentensi ilionekana imekatwa njiani, na kila mmoja akaimalizia kwa lile lililokuwa moyoni mwake. Ukumbi wa kola ulisema ni likizo. Ukumbi wa mifuko ulisema ni sare mpya. Walinzi waliapa kwamba mgomo unaanza kesho. Mimi, kwa kujipendekeza, niliking'oa kibao kile kwa mikono miwili na kwenda kumshtaki kwa meneja kuwa anachochea watu.

Akapewa barua ya onyo. Alipoeleza alichokusudia, meneja alimtaka arudie bango na kuandika jua la angani, ili watu wasichanganyikiwe. Alimjibu kwa upole kwamba hajui kama kuna jua jingine, ila haishangazi watu waliofungiwa humu miaka yote hiyo wakisahau kuwa lipo. Onyo likawa mawili.

Hapo wengi wetu tungenywea. Yeye alilishikia bango, na safari hii nasema kwa maana zote mbili. Meneja alipochoka alijaribu kumpoza: aliagiza vioo vya bwalo la chakula vikwanguliwe rangi, watu waote jua huku wanakula. Tukashangilia. Mama huyu peke yake hakushangilia. Alituambia kwamba kioo hupitisha mwanga na joto lakini huzuia ule mwale unaoifanyisha ngozi kazi, kwa hiyo tungekaa pale dirishani hadi tustaafu na mifupa isingepata kitu. Wengine walimwita mtu asiyeridhika. Mimi nilikuwa miongoni mwao, na nilikuwa na sauti kubwa.

Mwishowe alipewa majaribio ya miezi mitatu. Kengele ingelia saa nne asubuhi, kila ukumbi utoke kwa zamu, dakika kumi na tano na si zaidi. Kutoka huko yeye alikuita kuota jua; mafundi wakakuita kuanikwa, na jina hilo ndilo lililoshika. Ua wenyewe mnaujua: saruji tupu, tangi la maji, na ukuta mrefu wa kuegemea. Siku ya kwanza walitoka watu kumi na mmoja, wengi wao kwa udaku tu.

Tatizo lilikuwa kwa mabinti wa mashine. Walilikimbia jua wasije wakaharibika sura, huku wakilalamika kwamba nyuso zimefifia na nywele zinabaki kwenye chanuo. Hakuwadanganya. Aliwaambia nywele hukatika kwa sababu nyingi na hatoi ahadi asiyoweza kuitimiza, lakini urembo hausimami juu ya mifupa inayouma. Mtu anayeburuza miguu na kukunja uso kwa maumivu, alisema, hakuna mafuta ya kupaka yatakayomtengeneza. Kisha akapatana nao: uso ufunikeni kwa mtandio mkitaka, ila mikono na miguu nipeni mimi. Wakacheka, wakatoka. Baada ya wiki mbili walikuwa wanagombania nafasi ukutani.

Alikuwa mkali hata kwa waliomzidi bidii. Fundi cherehani mmoja alikaa juani saa mbili akitaka kulipia deni la ujana wake wote. Alirudishwa ndani ameshikwa sikio, akaambiwa kuungua si afya. Mwingine alinunua vidonge vya vitamini akavimeza kama karanga. Huyo alivipata vile vya mdomoni, kwa kuwa vya vitamini navyo vikizidi vinadhuru na havimezwi bila kupimwa. Alitufundisha kula kiini cha yai, maini na samaki wenye mafuta. Alituambia pia kwamba sisi wenye ngozi nyeusi tunahitaji muda mrefu kidogo juani kuliko weupe, kwa hiyo tusijidanganye kwamba jua tumezaliwa nalo.

Na mimi? Niligoma kutoka mwezi mzima. Nilikuwa na miaka thelathini na minane na kila nilipoinuka kitini nilijisukuma kwa mikono juu ya magoti. Nilijiambia ni uzee umewahi. Siku moja alisimama mlangoni pangu, akaniangalia nikiinuka, hakusema lolote kuhusu lile bango. Aliniandikia karatasi ya hospitali tu, akaiweka juu ya mkasi wangu na kuondoka. Nilikuwa na upungufu mkubwa kuliko wale saba. Niliona haya, na sijasahau kwamba mtu niliyemharibia kazi ndiye aliyeona miguu yangu inaisha nguvu.

Miezi mitatu ilipokwisha, waliokuja kwa maumivu ya mwili walikuwa wamepungua kiasi kwamba meneja alilikagua daftari mwenyewe, akidhani muuguzi amesahau kuandika. Kengele ya saa nne haijanyamaza tangu hapo, miaka kumi na tisa.

Haijanyamaza, ila mwaka huu nusura inyamaze. Mnafahamu kwamba uongozi ulipanga kuuezeka ua wa nyuma uwe ghala la marobota ya vitambaa. Michoro ilikuwa tayari na mabati yalikwishapimwa. Kamati ilipomuuliza Mama Jua angependa azawadiwe nini, tulitegemea kusikia friji au godoro. Alirudisha fomu imejazwa mstari mmoja: ua usiezekwe. Tukamsihi aandike na kitu cha nyumbani. Akasema nyumbani kwake kuna kila kitu, na uani pia kuna kila kitu, mkiuacha kama ulivyo.

Meneja wetu wa sasa si mtu mbaya, ni mtu wa nafasi na marobota. Jumanne alitujibu. Ua utabaki wazi na marobota yatahamishiwa chumba cha mikutano, lakini kwa sharti moja: awepo mtu wa kupiga kengele na kuwatoa watu kila siku ya kazi. Wiki moja ikipita bila watu uani, mabati yanapanda. Kila mtu alimtazama mwenzake, maana kengele hiyo kwa miaka yote ilikuwa mkononi mwa mtu mmoja.

Nimeichukua mimi. Mama Jua, nakuandikia hili mbele ya mashahidi wote hawa: nimebakiza miaka miwili na nusu kustaafu, na hakuna wiki itakayopita. Nitamtafuta wa kunipokea kabla sijaondoka, na atakuwa mbishi kuliko mimi, kwa sababu mbishi akishageuka hageuki tena.

Sherehe yenu haifanyiki bwaloni kama kadi ilivyosema. Saa nne kamili tokeni nyote uani, na mikono ya mashati ikunjwe. Atakayemkabidhi maua mstaafu ni binti wa Mama Vifungo, yule wa matege. Ana miaka ishirini na mmoja sasa. Ataingia kwa lango na kukatiza ua wote kwa miguu yake, na ninawaomba msipige makofi mpaka afike, ili mama huyu amwone anavyotembea.

Langoni mtakuta kibao cha zamani chenye wino mwekundu uliofifia. Sikukitupa. Kilikuwa nyuma ya kabati langu miaka yote hii, pembe zake bado ziko sawa. Nimekisoma kwa maana yake na kwa maana niliyomsingizia, nikaona kwamba zote mbili ni kweli, na asubuhi ya leo nimekibandika palepale nilipoking'oa.

Asante, Mama Jua, kwa mifupa yetu, kwa vidonge vyako vya aina zote mbili, na kwa kutokuchoka nasi. Nenda kapumzike, uwe na siku ndefu na afya njema, na wajukuu wasikuache ukae ndani. Ukipita barabarani saa nne usisikie kengele, ingia utufokee. Mlinzi ameshaambiwa asikuzuie.