Alama Niliyoipata kwa Kusuka

Jambo yenu wote. Muniachie nikae, maana nikisimama sana hii fimbo inaanza kunigombeza. Asante.

Ndugu zangu, wamama na wababa munaolea watoto wenye miguu migonjwa, wangu uliharibika nikiwa mudogo. Homa ilikuja, ikaenda, ikauacha hivi munavyouona. Lakini sikuja kuwasimulia muguu. Nimekuja kuwasimulia alama moja ya kitambaa, ndogo tu, na namna ilivyotaka kunishinda.

Nilikuwa gide, yaani skauti wa kike, hapa parokia. Magide yalikuwa yamerudi juzi juzi tu, maana kabla ya hapo yalikatazwa, vijana wote walikuwa wa Chama cha Serikali. Tulipofunga zile fulari, vile vitambaa vya magide, shingoni, ee Mungu wangu, tulijisikia! Wenzangu walinipenda sana, mupaka ikawa taabu. Nikishika sahani, mumoja ananinyang'anya: "Acha, dada, utaanguka." Nikitaka fagio, imeshakimbia. Na mama yangu vilevile: "Kaa, kipenzi changu." Nikakaa. Nawaambia, nilikaa mupaka nikachoka kukaa. Kupendwa hivyo ni kutamu, lakini iko siku unajiuliza, mimi ni wa kazi gani hapa?

Basi sheftene, yule mwalimu aliyekuwa mukubwa wetu, akatangaza alama ya huduma. Kila musichana atafute kazi ya kusaidia watu wa mutaa, aifanye mupaka Pasaka, kisha atafungiwa alama kwenye mukono wa shati. Niliitaka kuliko nguo mupya. Nilitaka watu waone kwamba na mimi natoa, sipokei tu.

Ndipo tukafanya ujinga. Jumamosi ilikuwa ya Salongo, munaijua, ile kazi ya lazima ya Leta, ya Serikali, mutaa muzima unatoka na majembe na fagio. Tukasema tutaunganisha: tutasafisha njia ya soko siku ya Salongo, na hiyo hiyo iwe huduma yetu. Mimi nilikaa barazani nikifunga fagio za njiti za muchikichi, na jasho linanitoka kwa furaha. Sheftene alipokuja kuangalia, alicheka kwanza, kisha akatikisa kichwa.

"Wanangu, hii ni Salongo. Musingekuja, watu wa Leta wangewafuata nyumbani. Huduma ni ile ambayo hakuna aliyekutuma. Muanze upya."

Wenzangu walinung'unika kidogo, halafu wakabeba ndoo, mbio mutoni kuwachotea wazee maji. Kazi imepatikana. Mimi na ndoo, wapi na wapi? Lakini nilijaribu! Kwenye ule mutelemuko, ndoo ikaenda njia yake na mimi njia yangu. Waliniinua, wakanipangusa, wakanichotea na mimi maji ya kuoga. Munaona sasa? Nimeenda kusaidia, nimerudi nimesaidiwa. Nilivua fulari, nikaiweka chini ya godoro, nikamuambia mama nimeacha mambo ya magide. Nililia vibaya sana. Pasaka ilikuwa inakaribia, na mimi sina kitu.

Sasa, mbele ya nyumba yetu aliishi mama mumoja, bwana yake alikuwa fundi wa gari la moshi, akafariki. Walimunyoa kichwa kwa desturi, kilio kikaisha, nywele zikaota. Na munajua mambo yetu: nywele za kwanza za mama mufiwa, nani atazigusa? Watu walisema anayezisuka anajibebea kifo. Yule mama akabaki na kitambaa kichwani, haendi soko, haendi misa, kwa sababu kutoka bila kusukwa ni kama kilio hakijaisha.

Asubuhi moja aliniona nimekaa barazani peke yangu. "We mutoto, hautoki na wenzako?"

"Nimeacha, mama."

"Umeacha nini? Njoo hapa."

Nikavuka na fimbo yangu. Akaniangalia, nikamusimulia yote, Salongo na ndoo. Akacheka yule mama, kumbe alikuwa bado anajua kucheka! "Basi sisi wawili tufungue duka la kukaa."

Tulicheka mupaka kitambaa chake kikateleza. Mama ee! Nywele zimejisokota, zimekauka, mikono yangu ikaanza kuniwasha. Maana kusuka nilijua. Muntu anayekaa kutwa, wadogo zake wote wanamuletea vichwa.

"Mama, uko na uzi mweusi?"

"Haujui wanasema nini?"

"Najua."

"Na hauogopi?"

"Naogopa, mama. Nipe uzi."

Akakaa kwenye mukeka, mbele ya magoti yangu. Nilipogusa kichwa chake akaanza kulia, na mimi nikalia, na tukaendelea kusuka. Mama yangu akatoka, akatuona, akashika mudomo. Nikasema leo nimekwisha. Akarudi ndani, akatuletea chanuo na ndizi za kuchoma.

Habari ikatembea. Wakaja wamama wafiwa wengine, mumoja alitoka ng'ambo na mutumbwi. Ukweli wa Mungu, ile alama nikaisahau.

Siku ya kugawa alama nilienda kuwapigia wenzangu makofi, nimejikalia nyuma. Sheftene alipomaliza kuwaita, jirani yangu akaingia na kitenge kizuri, kichwa wazi, nyuzi zimesimama zote. Akapita katikati ya watu, na wengine wakavuta nguo zao asiwaguse.

"Mama Sheftene, munatafuta huduma ambayo muntu hakutumwa. Muangalie hiki kichwa."

"Nani amekusuka?"

"Yule pale nyuma. Ndugu zangu wa damu walikataa."

Sheftene akaniita mbele. Alama hakunifungia yeye. Alimupa yule mama pamoja na pini: "Mufungie wewe." Mikono ile ile watu waliyoiogopa ikashika mukono wangu, pini ikanidunga. Nikapiga "ai!" na wote wakacheka. Na wa kwanza kumukumbatia yule mama, mbele ya watu, alikuwa mama yangu muzazi.

Namushukuru yule mama, mupaka leo ananiita fundi wake. Namushukuru sheftene kwa kunikatalia zile fagio. Angenionea huruma siku ile, ningepata kitambaa tu. Na wenzangu walioniinua mutoni, nawapenda bado, ingawa walinitia hasira!

Sasa ninyi. Nimewaona mukifika, wengine mumebeba mugongoni watoto wakubwa kabisa. Munawapenda, hakuna wa kubisha. Lakini leo mukirudi nyumbani, musimuulize mutoto anataka nini. Mumuambie: "Mwanangu, nimechoka, nisaidie." Kisha mumuangalie uso.