Shangazi Waya na Masanduku ya Kosa Moja

Tarehe 30 Juni 2025, saa tisa na nusu alasiri, fundi sanifu mkuu wa maabara ya kituo chetu atavua koti lake jeupe na kulitundika kwenye msumari uleule alioukuta alipoanza kazi Jumatatu, tarehe 3 Januari 1994. Ni miaka thelathini na mmoja na nusu. Katika muda huo kituo kimepata wakurugenzi saba, paa jipya na lifti iliyofanya kazi mara mbili. Msumari haujabadilika. Yeye naye hajabadilika, ukiacha miwani.

Kwenye karatasi za ofisi cheo chake ni kirefu. Kwa wasichana waliopita mikononi mwake ni Shangazi Waya, kwa kuwa mfuko wa koti lake haukosi vipande vya waya. Asubuhi moja alichomoa waya akidhani ni kalamu, akahangaika nao juu ya daftari la mahudhurio hadi mlinzi akamwambia, "Shangazi, huo hauna wino, labda una umeme."

Miaka sita ya mwanzo alipokea wanafunzi wa shule waliokuja kutembelea maabara, na kila safari aliona jambo lilelile: wavulana wanashika vifaa, wasichana wanaandika maelezo. Akaenda kwa mkurugenzi wa wakati huo kuomba funguo za Jumamosi, awe na darasa la wasichana peke yao. Mkurugenzi akamwambia hawatakuja. "Wasipokuja nitafagia," akajibu. Tarehe 6 Mei 2000 walikuja tisa. Alifagia vilevile, baada yao. Hadi wiki iliyopita daftari la Jumamosi lilikuwa na majina 1,312.

Namna yake ya kufundisha ilitushangaza, na bado inatushangaza. Kila Ijumaa alipanga masanduku ya mbao, kila moja likiwa na betri, swichi, balbu, kengele na mota ndogo ya feni, vyote vimeungwa vizuri. Kisha aliyaharibu. Sanduku moja, kosa moja: waya uliokatika ndani kwa ndani, balbu iliyoungua, tone la gundi kwenye swichi. Wasichana walipewa mita ya kupimia umeme, bisibisi na karatasi. Sheria ilikuwa moja tu: hakuna kuwasha kabla hujaandika kosa liko wapi na umejuaje. Tulipomuuliza kwa nini asiwape vifaa vizima, watoto wafurahi, alisema, "Wakikuta kila kitu kinawaka watapiga makofi. Nikishapigiwa makofi nifanye nini nayo?"

Mwaka 2007 alikuja binti wa fundi viatu, anayetembea kwa magongo. Baba yake alimleta kwa baiskeli, akasema wazi kwamba anamjaribisha muhula mmoja tu. Meza zetu zilikuwa ndefu na stuli zake ndefu zaidi. Binti hakuweza kupanda. Shangazi hakuandika barua kwa mtu. Aliazima msumeno kwa seremala, akapunguza miguu ya meza moja. Bohari ilimwandikia kumtaka aeleze zilipo "sehemu nne za mali ya kituo". Alijibu siku hiyohiyo na kuviambatisha vipande vyote vinne. Meza fupi ipo hadi leo, na ndiyo inayogombewa.

Lakini siku ambayo hatutaisahau ni Jumamosi, tarehe 14 Machi 2009. Kamati ya uongozi wa kituo ilikuwa imeamua darasa la Jumamosi lifungwe, maana wasichana walikuwa wamebaki kumi na wawili. Kwa heshima ya Shangazi, wajumbe watatu walikubali kuja kuona kwa macho yao kabla ya kutia saini. Yalikuwepo masanduku manne, meza nne, na muda wa saa moja.

Dakika ya arobaini, meza tatu zilikuwa zimeshaandika, zikawasha, kengele zikalia. Meza fupi ilikuwa kimya. Wasichana wawili walikuwa wamekata tamaa na mmoja wao analia chinichini. Binti wa fundi viatu alikuwa anapima waya kwa mara ya nne. Mjumbe mmoja alitazama saa yake, akaanza kufunga mkoba. Shangazi aliinama mezani, akamhimiza: "Mwanangu, andika tu unachokiona." Binti akaandika, akamkabidhi karatasi: "Sanduku hili halina kosa. Nimepima kila kitu."

Shangazi alitikisa kichwa. Alisema haiwezekani, yeye mwenyewe ndiye aliyeliharibu. Binti, ambaye kwa miaka miwili tulikuwa hatujasikia sauti yake vizuri, akasema mbele ya wageni, "Shikamoo Shangazi, lakini hukuliharibu."

Akawasha. Balbu ikawaka, feni ikazunguka, kengele ikalia mpaka mjumbe wa mkoba akaruka. Ndipo Shangazi alipokumbuka: Ijumaa, akiwa kwenye sanduku la nne, aliitwa ofisini kumalizia ripoti ya kamati hiyohiyo, na aliporudi akafunga kifuniko. Alicheka hadi akakaa chini. Wajumbe hawakucheka. Walimwomba binti aeleze alivyojua, naye akawaeleza, waya kwa waya, kwa dakika kumi na moja. Karatasi ya kufunga darasa iliondoka bila saini, na hatujaiona tena.

Binti huyo sasa ni fundi wa mashine za hospitali. Tangu Januari amekuwa akija kila Jumamosi kufundisha pamoja na Shangazi, na kuanzia tarehe 5 Julai funguo ni zake. Baba yake bado anasema ni muhula mmoja tu.

Jumamosi iliyopita Shangazi aliacha sanduku moja juu ya meza fupi, akasema ni la wafanyakazi. Mhasibu amelipima, dereva amelipima, mkurugenzi amelitikisa. Hakuna aliyethubutu kuandika. Binti peke yake aliandika mstari mmoja, akakunja karatasi, akampa. Shangazi akaisoma, akaitia mfukoni pamoja na nyaya zake, akaenda zake akitabasamu.

Shangazi, asante kwa kila kitu ulichotuharibia. Pumzika, ulale hadi jua likuchoshe, wajukuu wakufichie miwani. Tunakuombea afya na siku ndefu za furaha. Sanduku lako bado halijawashwa. Tunaendelea kupima, na tafadhali, hata tukikubembeleza, usituambie.