Mzee Ipoe na Gari Alilokatazwa

Ijumaa hii, tarehe thelathini, mkaguzi wetu mkuu wa magari anastaafu baada ya kuitumikia yadi hii kwa miaka thelathini na moja. Jina lake la kwenye mshahara mhasibu analijua. Sisi wengine tunamjua kwa jina moja tu, Mzee Ipoe, na siku hizi hata mkewe akipiga simu ofisini humwulizia hivyo hivyo. Nimeombwa niandike haya maneno ya kumuaga kwa kuwa tumezeeka naye hapa hapa, yeye chini ya magari, mimi ndani nikiyaosha. Anayetaka sifa za sukari tupu atafute mwandishi mwingine. Huyu mtu nampenda, kwa hiyo nitamsema alivyo.

Alikuja hapa akiwa kijana wa kuziba pancha. Yadi ilikuwa uwanja wa vumbi, banda moja la mabati na mnyororo badala ya geti. Bosi wa kwanza, baba yake huyu wa sasa, alikuwa mtu mwema mwenye haraka: gari likiwaka na kusogea, linauzwa. Siku moja aliwauzia mume na mke gari la juu, yale makubwa ya familia yenye safu tatu za viti, liking'aa kama sufuria mpya. Kabla hawajafika kulitazama, kijana wa pancha alitumwa aliwashe lipate moto, naye akaliwasha, kwani mtumwa wa kazi haulizi. Wiki haijaisha wanunuzi wakarudi kwa miguu, mtoto mgongoni, mizigo kichwani. Gari lilikuwa limewafia mlimani. Yule mama hakupiga kelele. Alimwangalia bosi, kisha akamwangalia kijana, akauliza, "Na nyinyi mna mama zenu?"

Bosi hakula siku hiyo. Kijana alienda kwake akamwambia, "Mzee, mimi sitapasha tena gari moto. Ukitaka nifukuze." Hakufukuzwa. Alipewa kazi ya kukagua, na sheria yake ikazaliwa.

Sheria yenyewe fupi. Gari likiletwa kuuzwa, haulizi bei wala mwaka. Anaweka kiganja juu ya boneti. Akikuta joto anasema, "Ipoe kwanza," anaondoka zake kwenda kunywa chai. Wenye magari wamelia, wametukana, wamemtajia wakubwa wanaojuana nao. Gari linalala hapa mpaka asubuhi ndipo liwashwe mbele ya macho yake likiwa baridi. Mgonjwa, husema, usimpime akiwa anacheza ngoma, mpime akiamka.

Sheria nyingine zilimjia moja moja kama mvi. Gari likinukia manukato kupita kiasi, anavuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake kabisa, pale ambapo hakuna mtu anayekumbuka kupasafisha. Tope likionekana kwenye ule mwisho, basi gari hilo liliwahi kuzama kwenye mafuriko na manukato ni sanda. Gari likidai limetembea kidogo na huku kanyagio la breki limelika kama kisigino cha ndala, anamtazama mwenye gari kwa huruma na kumwuliza kama lilikuwa linaendeshwa likiwa limesimama.

Mimi mwenyewe amenigombeza. Nilikuwa mgeni wa kazi, nikaosha injini ya gari lililokuwa linasubiri kukaguliwa, nikaisugua mpaka ikawa unaweza kulia chakula juu yake. Alikuja mbio kama anayefukuza kuku shambani. "Umefanya nini, mama wee! Injini iliyooshwa ni shahidi aliyehongwa! Mafuta yanavujia wapi sasa? Nitajuaje?" Nilimnunia siku nyingi. Lakini tangu hapo ndoo yangu haijagusa injini kabla yake.

Na hajawahi kukubali mtu auziwe gari la familia akiwa amekuja peke yake. Leta wote, husema. Leta watoto wakae kule nyuma kabisa tuone kama magoti yao yanagusa masikio. Leta mkweo. Bwana mmoja alibisha kweli kweli, akaja na mama mkwe wake kwa shingo upande, na yule mama hakuweza kuinua mguu kuingia. Mzee Ipoe akamwambia yule bwana mbele yetu, "Gari ambalo mkweo hapandi si la familia. Ni la wewe kuonwa na majirani." Wakafunga kikanyagio cha kupandia pembeni mwa gari siku hiyo hiyo, na mama mkwe akaondoka amekaa mbele.

Msinielewe vibaya, kasoro anazo. Chai yake ni sukari iliyotiwa maji. Anaimba akiwa chini ya gari, na wimbo ni ule ule. Akikopa spana anarudisha nyingine, ndugu yake tu. Na kuna jambo alilofanya mwezi uliopita ambalo yeye mwenyewe ameniruhusu nilieleze, maana anasema bila hilo maneno haya yatakuwa tangazo la biashara.

Mkewe ana magoti mabovu. Dada mkubwa wa huyo mkewe, aliyemlea baada ya mama yao kufariki, anaishi mbali, juu ya milima, mwisho wa barabara ya mawe. Ni mzee, haoni vizuri, na kila akipiga simu anauliza, "Utakuja nikiwa hai?" Gari dogo la Mzee Ipoe haliiwezi njia ile, na mabasi yanamshusha mtu chini ya mlima. Kwa hiyo Mzee alimwahidi mkewe kwamba mafao yake ya kustaafu, ambayo bosi alikubali kumlipa mapema, yote yatanunua gari la juu, na safari ya kwanza itakuwa kwa dada. Wajukuu watatu wanaowalea nao wameshagawana viti.

Ndipo bwana mmoja mwenye koti la kijivu na ulimi wa asali akaleta gari jeusi, viti vya ngozi, mlango wa nyuma unajifungua wenyewe kama mhudumu wa hoteli. Nililiona. Hata mimi roho iliniruka. Lakini Mzee Ipoe alilitazama kama kijana aliyeona binti wa jirani amerudi kutoka masomoni. Alilizunguka. Alilipapasa. Akaweka kiganja juu ya boneti, na boneti ilikuwa ya moto kama kikaango.

Yadi nzima tulisubiri lile neno.

Akasema, "Jua kali leo."

Jamani, gari lilikuwa ndani ya banda! Tangu asubuhi hapakuwa na jua, wingu lilikuwa limetanda kama blanketi. Askari wa getini alikohoa. Mimi nikainamia ndoo yangu. Mzee aliwasha gari, likanguruma kwa upole, akalizungusha uwanjani, akarudi uso umekunjuka kwa raha, akamwambia bwana wa koti, "Kesho naja na mama watoto. Tutamalizana."

Hapo namleta Tochi. Tochi ni fundi wetu wa kike, mama wa mapacha, na jina tulimpa kwa sababu tochi haimtoki mkononi hata mchana. Mzee Ipoe ndiye aliyemfundisha kazi, tangu kufungua nati mpaka kusikiliza gia kwa kisogo. Ndiye atakayeshika nafasi yake. Alikuja polepole, akafuta mikono.

"Baba," akasema, "liache lilale hapa."

"Nimeshalikagua."

"Umelipenda, Baba. Hujalikagua."

Mzee alimkata jicho ambalo sijawahi kumwona nalo. "Nilianza kazi hii wewe hujaota meno."

"Na ndiwe uliyenifundisha kwamba mganga hajigangi. Ulisema mtu akilipenda gari, macho aazime kwa mwingine. Basi azima yangu."

Alichukua kofia yake akaenda. Lakini gari hakuliondoa, na bwana wa koti alipotaka kuondoka nalo, Tochi alikuwa ameshaweka funguo mfukoni. Jioni lilipopoa alifungua chombo cha maji ya rejeta, akamulika, akaona yamejaa mpaka kwenye alama. Akakifunga. Akatandika maboksi makavu chini ya injini yote, akaenda kwa mapacha wake.

Asubuhi bwana wa koti alifika kabla ya wafanyakazi wote isipokuwa mimi na askari wa getini. Alikuwa anatabasamu mpaka kwenye meno ya nyuma.

"Askari, nitafutie funguo niwashe gari kidogo. Nimesahau miwani yangu ndani."

Askari wetu ni mtu wa maneno machache. Akamwangalia usoni. "Na hiyo unayonitazamia ni ya nani, bwana?"

Bwana akaishika miwani yake puani, akaomba kiti akae.

Tukakusanyika. Mzee Ipoe alikuja na mkewe, amemshika mkono, mama wa watu amejitanda kanga yake nzuri. Mzee alituamkia sote isipokuwa Tochi. Tochi akatoa funguo, akamwekea kiganjani. "Washa wewe mwenyewe, Baba."

Akawasha. Gari lilitetemeka kama mbuzi aliyelowa. Likakohoa, likayumba, likatoa moshi mweupe mzito wenye harufu tamu tamu, ukatufunika miguu.

Mkewe akasema, "Baba watoto, mbona linakohoa kukushinda wewe?"

"Baridi ya asubuhi tu hiyo, mama!" bwana wa koti akadakia. "Subirini kidogo."

Na kweli, kidogo tu, moshi ukaisha, mtetemo ukaisha, gari likanguruma kwa upole kama jana. Aliyechelewa kufika angelinunua. Tochi akalizima, akafungua kile chombo, akamulika. Maji yalikuwa yameshuka chini ya alama. Akavuta maboksi aliyoyatandika. Makavu, hata tone.

"Hayakumwagika chini," akasema taratibu, akimwangalia Mzee peke yake. "Yameingia ndani ya injini usiku. Gasketi inayozuia maji yasiingie kwenye injini imekwisha, Baba. Likiwa la moto huoni kitu. Mtapanda mlima ule na wajukuu, litachemka, na injini itafia pale." Akazima tochi. "Mimi gari hili silipitishi. Hata kama ni lako."

Watu wa ofisi, mnajua wenyewe: katika yadi hii neno la Mzee Ipoe halijawahi kupingwa. Angesema "nalinunua", nani angemzuia? Pesa zake, ahadi yake, mkewe amesimama pale na kanga yake ya safari. Alikaa kwenye benchi la wateja. Akavua kofia. Akaitazama ile ngozi laini ya viti kupitia dirishani kwa muda, kama mtu anayeaga.

Kisha akainuka akamwambia bwana wa koti, "Chukua gari lako, ndugu. Mkaguzi amekataa."

Hakusema "Tochi". Hakusema "huyu mtoto". Alisema mkaguzi. Tochi aligeuka akajifanya anatafuta kitu ndani ya sanduku la vyombo, na alikitafuta muda mrefu.

Baadaye tukiwa kwenye chai, Mzee aliweka kikombe chini ghafla. "Jua!" akasema. "Nilisema jua, ndani ya banda!" Akacheka mpaka askari wa getini akaja kuuliza kuna nini.

Gari alilonunua hatimaye mnalijua, lile lililokuwa limeegeshwa ukutani tangu mvua za mwanzo, rangi ya uji uliopoa, viti vya kitambaa, bampa limebonyea kidogo. Hakuna aliyelitaka kwa sababu halijui kujipamba. Tochi alilitesa. Aliliwasha asubuhi likiwa baridi, likaitika mara moja. Alikata usukani mpaka mwisho huku na huku akitambaa nalo, akasikiliza kama magurudumu ya mbele yanagonga. Alichungulia chini, kukavu. Alipapasa matairi, yamelika sawasawa pande zote, maana yake halivuti upande. Kisha akawapakia wote, Mzee, mkewe na wajukuu watatu, akawapeleka kwenye barabara mbovu nyuma ya kiwanda, kupanda na kushuka, kiyoyozi kimewashwa, breki za ghafla, gia ya kurudi nyuma mlimani. Mzee alikatazwa kugusa chochote. Alikaa mikono mapajani kama mtoto kanisani au madrasani, mtachagua wenyewe.

Waliporudi, mkewe hakutaka kushuka. "Nimepanda mwenyewe," akatuambia kupitia dirishani. "Mmeona? Mguu wangu mwenyewe." Akapiga simu pale pale ndani ya gari. Hatukusikia dada alisema nini upande wa pili. Tulimsikia yeye tu: "Nakuja. Hapana, sidanganyi. Jumamosi. Mwambie jirani akusuke nywele."

Jumatatu hii mteja alikuja na familia yake, akakuta Mzee Ipoe amesimama kwangu panapooshewa magari. Akamwuliza kama yeye ndiye mkaguzi maarufu aliyetajiwa. Mzee alimwelekeza kwa kidevu. "Mkaguzi ni yule mama mwenye tochi. Umsikilize hata akikuudhi, hasa akikuudhi. Mimi hapa ni mteja tu, nasubiri gari langu lioshwe."

Mzee Ipoe, yadi hii inakushukuru, na barabara nyingi zinazopitwa salama na watu wasiokujua zinakushukuru kwa niaba yao. Mama watoto tunakushukuru wewe pia, uliyetuazima huyu mtu na kumpokea kila jioni akinuka grisi. Mnapoondoka Jumamosi, mle vizuri, mlale vizuri, mmsalimie dada. Mungu awape maisha marefu na mema. Na wewe mzee mwenzangu, hilo gari likikusumbua njiani usithubutu kufungua boneti mwenyewe. Mpigie mkaguzi.