Kiondo Kilichokaa Msumarini

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na nyinyi wa kule nyuma, msifuni! Mimi ni Ndunge, mnanijua, yule msuka vyondo wa soko la Zombe. Mmenisikia nikiomba kwa sauti kubwa hapa miaka mingi. Leo nataka mjue kilichokuwa moyoni nikiomba hivyo. Kilikuwa ni wivu! Nilimwonea wivu mdogo wangu wa tumbo moja, Mwikali, aliyeolewa kule Salama.

Mwikali hajui kusuka. Nasema mbele za Mungu, hajui! Vyondo vyake vinalegea, vinapinda upande mmoja. Vyangu wageni wanavigombania. Basi kuna mwaka kila mmoja wetu alimpelekea mama kiondo. Changu nilikisuka kwa mkonge niliousokota mwenyewe, rangi tatu, nikakishonea vishikio viwili vya ngozi. Mama alikisifu sana, akakitundika msumarini. Kesho yake akaenda sokoni na cha Mwikali. Shambani, cha Mwikali. Kisimani, cha Mwikali! Kila nikiingia kwa mama, macho yangu yalienda msumarini kwanza, ndipo nikamsalimia.

Nikaanza kuumwa na kila kitu. Mama akimtaja Mwikali, nanuna. Mwikali akimletea leso, naiona mbaya. Siku moja nikamwambia mbele za watu kwamba anamnunua mama kwa zawadi. Alilia, akaenda zake. Miaka saba hatukuongea, na meza ya Bwana nilikuwa nashiriki!

Mwaka jana mama akalala kitandani, mgonjwa wa kutoinuka. Daktari alituambia tumrudishe nyumbani, tumtunze tu. Nilimwogesha, nikamlisha uji kwa kijiko. Mtasema Ndunge ni binti mwema. Ngojeni! Mungu anisamehe, nilifurahi. Sasa mama alikuwa wangu peke yangu. Simu yake niliizima nikaificha sandukuni, na Mwikali sikumwambia chochote. Mama akiuliza, "Mwikali anakuja lini?" namjibu, "Nimempigia, mwaitu, mama yangu, anasema ana kazi nyingi." Uongo mtupu! Nilimwona akigeuza uso ukutani, nami nikasema moyoni, sasa umeona ni nani anakupenda.

Asubuhi moja akaniambia nimshushie kile kiondo changu. Ndugu zangu, moyo uliruka! Nikajua leo ndiyo leo. Akakiweka kifuani, akashikashika vile vishikio.

"Ndunge, nakufa," akasema. "Kufa hakuniumi. Kinachoniuma ni kwamba nilikuogopa."

"Uliniogopa mimi, mwaitu?"

Akachukua mkono wangu akauweka kwenye paji la uso wake. Pale pana mfereji. Mama zetu wanao, wale waliobeba kuni na maji mgongoni maisha yao yote, mkanda ukiwakata hapa mbele.

"Kiondo chako hakina mkanda wa kichwa," akasema. "Nitakibebaje mkononi, mimi?"

"Si ungeniambia!"

"Wewe ukikasirika unakaa mwezi mzima. Nikanyamaza. Sasa nawaacha mmetengana, kwa sababu ya kamba. Kama ningesema siku ile, ungeishona, tukacheka."

Aiya! Mimi fundi, mimi mwenye sifa, nilimsukia mama yangu kiondo cha wageni. Yule asiyejua kusuka ndiye aliyekumbuka paji la uso la mama. Kikulacho ki nguoni mwako, ndugu zangu. Nilikuwa nikimtazama Mwikali, na aliyekuwa akinila ni mimi.

Nikapiga magoti pale kitandani. "Mwaitu, Mwikali sijampigia. Nilikudanganya."

Hakunigombeza. Alisema tu, "Piga sasa, nikikuona."

Nikaitoa simu yake sandukuni, nikaiwasha, nikapiga. Miaka saba, na Mwikali akapokea mara moja! Nikamwambia, "Mama ni mgonjwa sana, anakuita. Na mimi nakuita." Ndipo kitu kikaniachia hapa kifuani. Wengine wanafunguliwa wakianguka chini na kupiga kelele. Mimi nilifunguliwa nikiwa nimeshika simu. Haleluya!

Kesho yake mchana Mwikali alifika. Hakuniuliza neno. Tukabandua vile vishikio, tukakaa kitandani kwa mama tukisokota mkanda wa mkonge, yeye upande huu, mimi upande ule. Alisokota vibaya, nami nikanyamaza! Huo peke yake ni muujiza. Tulipomaliza, mama akataka avishwe. Tukamwekea mkanda pale pale alipolala, ukaingia kwenye ule mfereji, na mama akacheka mpaka akakohoa.

Tulikaa naye siku nne. Siku ya tano nilitoka kidogo kuchochea moto wa uji. Niliporudi mama alikuwa ameenda, na mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wa Mwikali. Mimi niliyemwogesha! Mimi niliyemlisha! Sitawaficha, ule wivu ulirudi ukasimama mlangoni, ukaniita kwa jina langu. Nikasema, "Bwana Yesu, asante kwa sababu hakufa peke yake." Nikazunguka kitanda, nikaushika mkono ule mwingine. Ulikuwa bado na joto.

Kiondo chenyewe ndicho hiki. Nimekuja nacho kutoka nyumbani, mkanda kwenye paji la uso, Biblia ndani. Namshukuru Mungu, na ninawashukuru mlioniombea bila kujua ugonjwa wangu. Mwikali, simama wakuone. Ndugu zangu, mama yangu alibaki na asubuhi chache tu za kusema neno ambalo angelisema miaka saba nyuma. Wewe hujui umebakisha asubuhi ngapi. Kama kuna ndugu yako umemnyamazia, huyu Yesu aliyenifungua anaweza kukufungua hata hapo ulipokaa, mwamini. Usingoje ibada iishe. Chukua simu, toka nje umpigie. Sisi tutaimba polepole, tukikungoja urudi.