Dkt. Shizue Sakuma na Ripoti Aliyokataa Kuitia Sahihi

Marehemu Dkt. Shizue Sakuma alizaliwa tarehe 11 Februari 1951 mjini Tsuchiura, mtoto wa kwanza wa Mzee na Bi. Kuramochi, wafugaji wa kuku. Akiwa na miaka tisa alimpasua kuku aliyekufa ghafla, kwa kisu cha samaki cha mama yake. Mama aligomba kwa ajili ya kisu; baba aliuliza amekuta nini.

Alisomea udaktari wa mifugo Sapporo, akahitimu mwaka 1975, akaajiriwa na maabara moja ya Tsukuba. Kazi yake ilikuwa kuwapasua wanyama waliofanyiwa majaribio ya dawa na kuvichunguza viungo vyao kwa darubini, ili ijulikane kilichowaua.

Mwaka 1981 aliolewa na Mwalimu Morio Sakuma, wakajaliwa binti mmoja, Chikage.

Oktoba 1994 wafanyakazi walikusanyika, kama kila mwaka, mbele ya jiwe la kuwaombea wanyama wa maabara. Mkurugenzi aliwashukuru panya kwa kutupatia dawa ya figo: waliopewa waliishi, wasiopewa walikufa. Marehemu aliinama, akaweka ua lake, kisha akamfuata ofisini.

“Mkurugenzi, tumewashukuru kwa jambo ambalo hawakutuambia. Wale wasiopewa dawa hawakufa kwa figo. Wameuawa na ugonjwa wa mapafu ulioingia chumbani mwao tu, si kwa waliopewa.”

Alikataa kuitia sahihi ripoti ya jaribio hilo. Jaribio likaanza upya.

Nobuko, mke wa mdogo wake Tadao anayewasomea haya, figo zake zilikuwa zimeshindwa kazi; alikuwa akisafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, akiisubiri dawa hiyo. Tadao alimbembeleza dada yake atie sahihi, kisha akamtukana. Dada akamjibu:

“Wewe, unataka nimpe wifi yangu kitu ambacho hata kwa panya sijui kama kimefaa?”

Nobuko alifariki Machi 1996. Miezi minne baadaye jaribio la pili lilionyesha kwamba dawa inasaidia, ingawa kidogo. Je, kidogo hicho kingemtosha? Tadao ameisoma ripoti ya jaribio hilo la pili mara nyingi, wala hajui.

Juni 2019 marehemu aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Hospitalini, mjini Mito, alimuuliza mdogo wake kama bado amemkasirikia. Tadao akajibu kwamba hajui.

“Basi siku ya mazishi usiwaambie watu umenisamehe. Waambie hujui.”

Alifariki tarehe 3 Novemba 2019, saa nne asubuhi.

Ameacha mume, binti, mjukuu mmoja, na mdogo wake, aliyeandika kama alivyoagizwa.

Dada, pumzika kwa amani. Sisi wengine bado tunaitafuta.