Bi Kinyaa na Mafuta ya Jana

Usiku wa Jumatano mimi niliye binti mkubwa wa marehemu, pamoja na mdogo wangu wa kiume, tulikaa kwenye benchi nje ya wodi ya tano, tukiusoma uso wa kila muuguzi aliyepita. Alfajiri ya Alhamisi, tarehe 12 Juni 2025, daktari alitoka akakaa karibu nasi. Mama alikuwa ametutoka.

Marehemu mama yetu, mliyemwita Bi Kinyaa, alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi cherehani. Alisoma hadi darasa la nne, baba yake alipougua.

Mwaka 1972 aliolewa na fundi saa, aliyemtangulia mwaka 2009. Baba alizoea kusema, "Mke wangu paka hamwezi kwa pua."

Kazi yake mliila wenyewe. Tangu 1974 alikaanga maandazi katika jiko la uani, kwa iliki iliyotwangwa asubuhi hiyo na mafuta mapya kila siku. Mafuta yaliyobaki aliyamwaga shimoni jioni. Fundi viatu jirani alimwambia, "Bi Kinyaa, unamwaga mali!" Akamjibu, "Nikukingie kikombe, shemeji?"

Januari mwaka huu figo zilimlaza, mdogo wangu akashika karai. Siku moja mama alinusa kutoka kitandani, akaomba andazi. Lilikuwa jeusi, limelowa mafuta ya wiki nzima, linanuka samaki wa juzi. Alilitema kiganjani.

"Mnauza jina langu kwa uchafu huu?"

"Mama, wateja hawajalalamika."

"Wateja wana adabu. Mimi sina."

Jiko likafungwa siku hiyo. Ufunguo akanikabidhi mimi: "Akiyamwaga mafuta ya jana bila kuambiwa, mpe."

Mdogo wangu ameniruhusu niyaseme haya. Jana aliniomba ufunguo awakaangie ninyi waombolezaji. Kwanza nikaenda chumbani kwa huyo mdogo wangu. Nyuma ya mlango nilikuta debe la mafuta yaleyale aliyokaangia andazi lile, limefunikwa gazeti, mafuta yameganda kama kamasi, nzi wamezama humo. Nilitoka nje kutapika.

"Dada, nilikuwa nayatunza tu."

Nikarudi na ufunguo wangu.

Mama ameacha watoto wawili, wajukuu watano na kitukuu mmoja. Mungu amlaze mahali pasafi.

Mtusamehe, leo mtakunywa chai kavu. Mlango wa jiko lake haujafunguliwa.