Aliyeninywea Kata ya Kwanza

Wazee wangu, shikamooni. Wengine wote, hamjambo? Mimi si msemaji, lakini leo mtanivumilia, nina watu wa kuwashukuru.

Hapa mnanijua kwa mahamri. Zamani, simu za mkononi zikiwa bado chache, nilikuwa na mangwe papa hapa Msambweni, kilabu cha kuuzia pombe ya mnazi. Na mangwe ina desturi yake: mtungi ukifunguliwa, muuzaji hunywa kata ya kwanza mbele ya wateja, waone hakuna sumu. Kila mtungi kata yake. Na siku ya harusi, ndugu zangu, mitungi ni mingi.

Basi nikapimwa hospitali, nikaambiwa damu yangu ina mafuta mengi, nikapewa vidonge vya kila siku. Daktari, binti mpole, akaniuliza, "Mama, unatumia pombe?"

"Mwanangu, mimi nauza tu."

Haki ya Mungu sikukusudia kumdanganya. Kwangu mimi kuonja ilikuwa kazi, kama mpishi anavyoonja chumvi.

Miezi ikapita. Mapaja yakaanza kuuma, nikasingizia umri. Chakula kikanishinda. Mkojo ukawa kama chai ya rangi. Asubuhi moja dada yangu akanitazama akapiga ukelele: "We! Mbona macho ya manjano?" Akanikokota hospitali, na safari hii nikasema yote.

Yule binti hakunigombeza. Aliniambia, "Mama, dawa hii kazi yake iko kwenye ini, na mnazi nao unalielemea ini hilo hilo. Vidonge tutavisimamisha kwanza, tukupime tena. Lakini mnazi usiuguse. Ukiendelea, tutakupoteza."

Niliogopa kufa, na niliogopa njaa. Mume wangu alikuwa ameshatangulia na watoto walikuwa wadogo. Nikafanya ujanja: napeleka kata mdomoni, nafumba midomo, najifuta. Loo! Wanywaji wana macho, nyie. Minong'ono ikaanza: "Siku hizi hamezi. Ametia nini?" Wengine wakahama.

Palikuwa na mzee mmoja, mchuuzi wa mbuzi kutoka Taru, jina lake silitaji. Mkali huyo! Ndugu yake alifariki baada ya kunywa mahali fulani, watu wakasema kalishwa sumu. Tangu hapo hakugusa mnazi wangu mpaka nimeze kata mbili, kisha nifungue kinywa akague. Siku moja akasimama mbele ya watu wote.

"Mama, meza tuone."

Nikaumimina mnazi tena mtungini. "Siwezi, baba," nikasema. "Nina mafuta kwenye damu, nilimeza dawa huku naonja mnazi, na ini limeumia. Nikimeza hii mtanizika. Kama hamniamini, nendeni." Nikalia mbele yao, mimi niliyekuwa nikiwatimua walevi kwa mwiko.

Akanisogelea. Nikajua sasa anaumwaga mtungi wangu. Akaichukua ile kata mkononi mwangu, akaijaza, akainywa yote, akapangusa masharubu. Watu wamemkodolea macho. Akawageukia, akasema, "Haya, sijafa. Kunyweni. Na kuanzia leo atakayemwambia mama huyu aonje, atanijua mimi ni nani."

Nawaambia, mtu yule aliiogopa sumu kuliko ninyi mnavyomwogopa nyoka. Aliimeza hofu yake ili mimi nipone. Kila alipoleta mbuzi alipita kwangu kwanza kuonja, na siku asipokuwepo wenzake waliona haya wakaonja wenyewe. Ini likatulia, daktari akanirudishia vidonge, nami taratibu nikaacha mnazi nikashika mahamri. Sijaona mwanamume jasiri kama huyo, na maneno yake bado ni makali vile vile!

Binti daktari, popote ulipo, Mungu akuzidishie. Dada yangu, asante kwa kunikokota. Nanyi wenzangu wa vidonge, mwambieni daktari kila kinachopita kooni, hata kile cha kazini, hata cha kwenye harusi. Msichanganye wala msiache dawa kwa akili zenu. Na ukweli wenu mwambieni hata yule mnayemwogopa. Huenda yeye ndiye atakayewaokoa.

Sasa wewe mzee wa mbuzi uliyejificha nyuma ya nguzo, nakuona! Chai ya leo nimeipika mimi. Kaa kitako, baba. Kikombe cha kwanza naonja mwenyewe.